Kusimamia, Kusimamisha na Kusitisha: Istilahi za Mkataba wa Serikali Baada ya Zabuni, Pamoja na Ushahidi wa Mvita

Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno machache yatumikayo katika mkataba baina ya serikali na mtu aliyekubaliwa kuifanyia kazi au kuiuzia vitu, na hasa yale yanayohitajika baada ya zabuni kuamuliwa. Istilahi za zabuni yenyewe zimekwisha kuzoeleka. Redio na magazeti yamezieneza, na hata mtoto wa shule ya upili aweza kueleza mzabuni ni nani. Lakini mara mkataba utiwapo saini, waandishi wa habari huondoka na kwenda kuitazama zabuni nyingine. Lugha ya kazi inayofuata huachiwa makarani, wahandisi na mafundi, kila mmoja akisema kwa namna ajuavyo. Hapo ndipo fedha zinapopotea.

Nitatoa kisa kimoja kilichonifanya niandike. Miaka michache iliyopita mwashi mmoja wa Kibokoni, mtu mzima aliyejifunza kazi ya chokaa kwa babake, alikuwa akitengeneza jengo la taasisi moja ya umma hapa kisiwani. Siku moja akapokea barua ya Kiingereza. Aliipeleka kwa karani kijana, naye akaisoma na kumwambia, "Ami, kazi imesitishwa." Mzee akashukuru, akafunika saruji yake kwa turubai, akamwacha mlinzi penye kazi na kumlipa kila wiki, akangoja kuitwa. Alingoja miezi minne. Aliponiletea barua ile niisome mara ya pili, niliona kwamba haikusema kazi imesimama kwa muda. Ilisema kwamba mkataba umekatwa, na kwamba kama hakuridhika alipewa siku kadhaa za kupinga. Siku zile zilikuwa zimepita zamani, na benki ilikuwa imekwisha kuilipa taasisi ile dhamana yake.

Karani hakusema uongo. Neno *kusitisha* lina maana zote mbili katika Kiswahili cha leo. Tutalirudia mwishoni.

Zabuni, tenda na kandarasi

Neno *zabuni* ni la Kiarabu kwa asili, na huko lina maana ya mteja au mnunuzi. Katika Kiswahili cha pwani lilikuwa kitenzi cha mnadani: dalali alinadi, nao watu wakazabuni, yaani wakataja bei zao. Wasomaji watakumbuka kwamba kamusi ya Johnson ya 1939 inalitaja kwa maana hiyo. Serikali ilipolichukua neno hili ililigeuza kidogo, kwa kuwa mnadani mwenye bei ya juu ndiye mshindi, na katika ununuzi wa serikali aghalabu ni mwenye bei ya chini aliyetimiza masharti. Geuzo hilo halikudhuru kitu.

Neno *tenda* limedhuru. Ni neno la Kiingereza lililoingia midomoni mwa watu, likakutana na kitenzi chetu wenyewe chenye umbo lile lile. Msemaji wa Kiswahili asikiapo fulani "amepata tenda" huona kazi iko tayari kutendwa. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inataka mshindi apewe taarifa kwa maandishi. Baada ya taarifa hiyo mkataba hauwezi kutiwa saini kabla ya siku 14 kupita, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika. Tena sheria inatamka wazi kwamba hapana mkataba wowote baina ya mshindi na taasisi mpaka mkataba ulioandikwa utiwe saini na pande zote mbili. Kwa hivyo aliyepokea barua ya ushindi ana habari njema tu. Akinunua mbao siku hiyo hiyo kwa fedha za kukopa, amezinunua kwa hatari yake.

Jambo hili si dogo kwa wakati wetu. Tangu 2013 serikali ya Kenya imeweka utaratibu wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wake. Vikundi vya akina mama wa Majengo na vijana wa Mji wa Kale ambao zamani hawakupata kuona hati ya serikali sasa huitia saini. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini hati hizo huandikwa kwa Kiingereza. Mtu husaini kwa lugha moja na kuelezwa kwa nyingine, na mwelezaji mara nyingi ni karani kama yule wa kisa chetu.

Kuhusu *kandarasi* sina mengi. Wakenya hulitumia kwa kazi na kwa mkataba vilevile, ilhali Tanzania wamelishikilia zaidi katika *mkandarasi*, yaani mtendaji. *Mkataba* latosha kwa hati. Laonyesha shina lake la Kiarabu la kuandika, na hilo lafaa, maana sheria inadai maandishi.

Dhamana, dhima na arbuni

Kabla ya kusaini mshindi hutakiwa kuweka kitu kitakachoilinda serikali akishindwa kazi. Tanzania wanaita *dhamana ya utendaji*, na baadhi ya wafasiri wa Kenya wanasema *dhamana ya utekelezaji*. Lolote kati ya haya lakubalika. Sheria ya Kenya inaweka kikomo chake kuwa asilimia 10 ya thamani ya mkataba. Aghalabu ni hati ya benki.

Tatizo latokea pale *dhamana* inapotumiwa pia kwa wajibu wa mkandarasi kurekebisha kasoro baada ya kumaliza. Haya ni mambo mawili. Dhamana ni kitu unachokiweka mikononi mwa mwingine, au ahadi ya mtu wa tatu kwa ajili yako. Dhima ni mzigo ulio juu yako mwenyewe. Waarabu waliotupa maneno yote mawili wanayatenga, na Waswahili wa kale waliyatenga pia. Msemaji wa Mvita atakwambia, "Sina dhima nawe," wala hatasema, "Sina dhamana nawe," kwa maana hiyo. Kwa hivyo muda ule wa miezi sita au kumi na miwili baada ya kazi, ambao mkandarasi anawajibika kuziba nyufa na kubadilisha bawaba zilizolegea, napendekeza uitwe *muda wa dhima ya kasoro*. Tanzania wanauita *kipindi cha matazamio*. Ni neno la kupendeza, lakini linamkalisha mkandarasi barazani kutazama, na hali yeye ndiye anayetakiwa kuja na ndoo ya chokaa.

Neno *kasoro* nalo lina historia yake. Katika fikihi ya biashara ya Kiislamu upungufu wa kitu kilichouzwa huitwa kwa neno ambalo kwetu limekuwa *aibu*. Neno hilo limehama kutoka kwenye bidhaa hadi kwenye uso wa mtu, na haliwezi kurudishwa tena. Hakuna mhandisi atakayeandika kwamba paa lina aibu, ingawa nimeona mapaa yaliyostahili.

Kuna neno moja ambalo naona tumelitupa bure. Fedha anazolipwa mkandarasi kabla ya kuanza, ili anunue vifaa na kuwakusanya watu, wafasiri huziita *malipo ya awali*. Pwani ina *arbuni*, neno la kale mno la biashara ya Mashariki, lenye maana ya fedha ya kutangulia kufungia makubaliano. Ndugu yake *rubuni* amepotoka na sasa maana yake ni kumshawishi mtu kwa hila. Labda ndiyo sababu watu wa ofisini wanaliogopa shina zima. Hata hivyo yapasa tukiri tofauti. Arbuni ya sokoni aghalabu hupotea mnunuzi akijitoa, ilhali malipo ya awali ya serikali ni mkopo ulio ndani ya bei: hukatwa kidogo kidogo katika kila malipo yanayofuata, na hutolewa kwa dhamana yake pekee. Sheria ya 2015 haikubali yazidi asilimia 20 ya bei ya mkataba. Kwa sababu ya tofauti hiyo nimebadili fikira zangu za zamani. Arbuni na ibaki sokoni, na serikali iseme *malipo ya awali*.

Kwa fedha zinazobakizwa na serikali katika kila malipo mpaka muda wa dhima ya kasoro upite, hatuna neno zuri. *Zuio* limekwisha kuchukuliwa na watu wa kodi wa Tanzania. Waashi niliowauliza hawana jina moja kwa jambo hili, ingawa wanalijua vyema, kwa kuwa kila mwenye nyumba hubakiza kitu mpaka aone mlango unafungika. Mmoja alisema *kishikizo*, yaani kitu cha kumshikia fundi asitoroke. Nalipendekeza kwa wenzangu walijadili.

Kukabidhi na kupokea

Hapa lugha yetu ni tajiri kuliko sheria yenyewe, na ni vizuri tukae kidogo.

Shina *kabidhi* lina asili ya Kiarabu ya kushika kwa mkono. Kwetu limezaa *kabidhi*, *kabidhiana*, *makabidhiano* na *mkabidhi*. Nalo neno *stakabadhi*, hati inayothibitisha kwamba kitu kimepokelewa, latoka katika shina hilo hilo kupitia umbo jingine la kitenzi cha Kiarabu. Mtu wa bandarini hakuhitaji kufundishwa uhusiano huo. Nahodha alikabidhi, mwenye mali akapokea, stakabadhi ikaandikwa, na baada ya hapo hasara ya mali ilikuwa juu ya mwingine. Wazo hilo la mwisho, kwamba hasara huhama pamoja na mkono, ndilo kiini cha sheria ya mikataba ya leo.

Mombasa ina mazoea marefu nalo. Katika karne ya 19 Masultani wa Zanzibar hawakukusanya ushuru wa forodha kwa makarani wao wenyewe. Waliikodisha forodha kwa mfanyabiashara kwa kiasi kilichoafikiwa kwa mwaka, naye akaweka wakala katika kila bandari, Mombasa ikiwamo. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji iliishika ijara hiyo kwa miaka mingi. Huo nao ulikuwa mkataba wa serikali, na ugomvi wake ulikuwa ule ule wa leo, yaani hesabu ya mwisho na nani ameshika nini siku muda ulipokwisha. Baadaye, kwa mapatano ya 14 Desemba 1895, pwani yenyewe iliingia katika mkataba wa namna hiyo. Uingereza ilikubali kumlipa Sultani paundi 17,000 kwa mwaka. Katika hizo, 11,000 zilikuwa kodi na 6,000 zilikuwa riba ya paundi 200,000 zake. Hali hiyo iliendelea mpaka 1963. Walioishi katika siasa za Mwambao miaka ile wanajua jinsi watu walivyoweza kugombania maana ya neno moja la hati.

Turudi kwenye kazi. Kukabidhi hutokea mara mbili katika mkataba wa ujenzi, na katika Kiswahili cha ofisini mara hizo mbili huchanganywa. Mara ya kwanza serikali humkabidhi mkandarasi mahali pa kazi. Mara ya mwisho mkandarasi huikabidhi serikali kazi iliyokwisha. Muda wa kazi kwa kawaida huhesabiwa kuanzia makabidhiano ya kwanza. Katika Mji wa Kale jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mahali pa kazi mara nyingi pana watu. Kuna nyumba zenye wapangaji wa vizazi vitatu, na maduka ya chini ambayo hayakuhamishwa. Mkandarasi aliyesaini Januari na kupata ufunguo Aprili amepoteza miezi mitatu kama hati inasema "tangu kusaini", na hakupoteza hata siku moja kama inasema "tangu kukabidhiwa mahali pa kazi". Kwa hivyo napendekeza *kukabidhi mahali pa kazi* kwa la kwanza na *kukabidhi kazi* kwa la mwisho, na neno *makabidhiano* lisisimame peke yake katika hati yoyote.

Kupokea nako kuna daraja zake. Sheria ya 2015 inataka kuwe na kamati ya kukagua na kukubali bidhaa, kazi au huduma. Kamati hii haipokei tu, kwani bawabu naye hupokea. Ikiwa gari la mchele limefika katika bohari ya hospitali na bawabu akasaini, mchele *umepokelewa*. Haujawa *umekubaliwa* mpaka wakaguzi waupime na kuuona. Wafanyabiashara wadogo wengi hudhani sahihi ya bawabu ndiyo mwanzo wa kudai fedha. *Kamati ya ukaguzi na ukubalifu* ni jina zito kidogo, lakini ni la kweli kuliko *kamati ya mapokezi*, ambalo lanikumbusha harusi.

Mabadiliko ya kazi

Chukua nyumba moja ya mawe karibu na Ndia Kuu. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba umefuata urefu wa boriti hizo. Mtaa huu ni eneo la hifadhi, na hapana ruhusa ya kubadilisha sura ya nje kama apendavyo mtu. Mkandarasi amepewa kazi ya kupiga lipu upya na kupaka chokaa. Anapobandua lipu ya zamani anakuta boriti nne zimeoza ndani ya ukuta. Hati ya vipimo na bei haina boriti. Afanye nini?

Katika mazungumzo ya kawaida fundi atasema kuna *nyongeza*, na mhandisi naye atakubali. Lakini kazi yaweza pia kupunguzwa. Mwenye kazi aweza kusema roshani ya nyuma iachwe, na hapo neno *nyongeza* linakuwa la uongo. *Mabadiliko ya kazi* yanafaa kwa kuongeza na kupunguza, nayo *marekebisho ya mkataba* yabaki kwa maneno ya hati yenyewe yanapogeuzwa, kwa mfano tarehe au jina la benki. Tofauti hii ina matokeo. Mhandisi aliyepewa mamlaka aweza kuagiza mabadiliko kwa barua, ilhali marekebisho yahitaji sahihi za pande zote mbili.

Sheria imeweka mipaka, na tuitazame kwa mfano. Tuseme mkataba ni wa shilingi milioni 10. Katika miezi 12 ya kwanza tangu kusaini bei haiwezi kupandishwa kwa sababu ya kupanda kwa gharama. Kiasi cha kazi za ujenzi chaweza kubadilishwa bila kuzidi asilimia 20, na cha bidhaa au huduma bila kuzidi asilimia 15. Na mabadiliko yote yakijumlishwa hayawezi kuipandisha bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25, yaani katika mfano wetu isipite shilingi milioni 12.5. Fundi aliyeambiwa "wewe endelea, tutakuandikia nyongeza" na akaendelea kupita mpaka huo, amefanya kazi ambayo sheria haina mlango wa kuilipia. Ahadi ni deni, husema wahenga, lakini ahadi ya mdomo ya mhandisi si deni la serikali.

Muda nao hubadilika. Kwa hili twalo neno bora, nalo ni *muhula*. Vijana wanalijua kwa shule na kwa vyeo tu, lakini maana yake ya kale ni nafasi apewayo mdaiwa ili asibanwe: "nimempa muhula wa mwezi." *Nyongeza ya muda* ni sahihi, ila *muhula* laongeza wazo kwamba aliyepewa hataadhibiwa kwa siku hizo, na ndiyo maana halisi ya kisheria. Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi sana Mombasa na kufariki 2017, alitufundisha kutazama kwanza nyuma ya nyumba yetu kabla ya kubisha mlango wa jirani. Utenzi wake wa *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa 1979, ulihifadhi maneno ya waunda vyombo ambayo yangalizama. Maneno ya waashi na ya wenye ijara yanangoja mtu wa namna hiyo.

Fidia, faini na riba

Mkandarasi akichelewa bila muhula hukatwa kiasi fulani kwa kila siku au wiki. Karibu kila mtu husema anatozwa *faini*. Wanasheria wana sababu ya kukasirika. Faini ni adhabu, na mahakama zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza hazikupenda kuona mtu binafsi akimwadhibu mwenziwe kwa mkataba. Kinachokubaliwa ni makisio ya hasara yaliyoafikiwa mapema, ili watu wasije wakabishana baadaye juu ya kiasi. *Fidia ya kuchelewa* ndiyo istilahi ya haki. Faida yake kwa fundi ni hii: akielewa kwamba ni fidia, ataweza kuuliza kama kiasi kilichoandikwa kinafanana na hasara yoyote inayoweza kufikirika. Akidhani ni faini, atainamisha kichwa na kulipa.

Upande wa pili serikali nayo huchelewa, na mara nyingi zaidi. Madeni ya kaunti kwa wakandarasi ni habari ya kila mwaka. Sheria ya 2015 inatambua kwamba fedha zilizocheleweshwa zaweza kudaiwa pamoja na riba, kama mkataba haukusema vingine. Hapa twakutana na ugumu wa mahali. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Mvita, neno *riba* halisomwi kama neno la hesabu. Nimeona mfasiri akiandika *nyongeza ya malipo yaliyocheleweshwa* ili lisomeke bila kukwaza. Namheshimu kwa hisani yake, lakini sikubaliani naye. Kuna waumini ambao hawataichukua riba, na wanayo haki ya kuikataa kwa kujua, nao hawawezi kuikataa ikiwa imevishwa nguo nyingine. Jambo likiwa ni riba na liitwe riba, kama lilivyoitwa katika hesabu ya 1895.

Mengine madogo

*Mkandarasi mdogo* latumika kwa aliyepewa sehemu ya kazi na mkandarasi mwingine, na pia kwa mwenye mtaji mchache. Mama wa kikundi cha Tononoka mwenye mkataba wake mwenyewe na kaunti ni mkandarasi mdogo kwa maana ya pili tu, na fomu nyingi humchanganya. *Mkandarasi wa chini* latosha kwa ile ya kwanza. Kumpa mtu mwingine haki zako za mkataba ni *kuhawilisha*, jamaa ya *hawala* ya wafanyabiashara wa majahazi. Halihitaji maelezo pwani.

*Malalamiko* na *madai* yasichanganywe kabisa. Anayepinga uamuzi wa zabuni ana malalamiko, na mahali pake ni Bodi ya Mapitio ya ununuzi wa umma, kabla mkataba haujasainiwa. Mkataba ukiisha kusainiwa kwa kufuata sheria, Bodi hiyo haina mamlaka tena. Mkandarasi anayetaka fedha au siku zaidi ana madai, nayo huenda kwa mhandisi kwanza, kisha kwa msuluhishi au mahakamani, kwa namna mkataba ulivyopanga. Watu wamepanda basi kwenda Nairobi na madai wakidhani ni malalamiko.

Kusimamia, kusimamisha, kusitisha, kukatisha

Kutoka katika kitenzi *simama* tumepata *simamia* na *simamisha*. Tofauti ni ya viambishi tu, kauli ya kutendea na kauli ya kutendesha, lakini la kwanza ni kuuangalia mkataba uende na la pili ni kuuzuia usiende. Mwanafunzi wa lugha hufurahia jambo hili. Katika ofisi yenye mashine mbovu ya chapa, ambapo "mhandisi amesimamia kazi" na "mhandisi amesimamisha kazi" hutofautiana kwa herufi chache, furaha hupungua. Hata hivyo maneno haya mawili ni mazuri na sina nia ya kuyagusa.

Tatizo ni *sitisha*. *Sita* ni kusimama kwa kutokuwa na hakika. Mvua ikisita, msemaji wa Mvita hafungui mwavuli wala hauweki mbali; mvua ikikatika, huuning'iniza ukutani. Kwa maana hiyo ya asili *kusitisha* kungefaa kwa kuzuia kazi kwa muda tu. Lakini magazeti yamelitumia kwa kila kitu: mapigano husitishwa, huduma husitishwa, ajira husitishwa, na msomaji huachiwa kukisia kama kuna kurudi. Nadhani limekwisha kuharibika kwa kazi ya kisheria, na halitatengenezwa kwa amri ya kamusi. Katika hati za mkataba liachwe.

Badala yake na tuseme *kusimamisha* pale kazi inapozuiwa kwa muda na mkataba ungali hai. Dhamana hubaki, mlinzi hulipwa, na siku zilizopotea huombewa muhula. Na tuseme *kukatisha* pale mkataba unapomalizwa kabla ya kazi kutimia. Watu wa kawaida husema *kuvunja*, lakini *kuvunja* lina ubaya wake, kwa kuwa latumika pia kwa kukosa kutimiza sharti. Mkandarasi aliyetoroka *ameuvunja* mkataba, na serikali iliyomfukuza kwa sababu hiyo nayo *imeuvunja*. Msikilizaji hawezi kujua nani mkosa. Kwa kosa tuna *kukiuka*. Kukiuka kwa mmoja ndiko kunakompa mwingine haki ya kukatisha. *Kubatilisha* ni jambo jingine tena: ni kutamka kwamba mkataba haukuwa halali tangu mwanzo, na aghalabu ni kazi ya mahakama. Watu wa Mji wa Kale hawapati taabu na tofauti za namna hii. Wanazijua kwa ndoa, ambamo talaka, khului na faskhi ni milango mitatu yenye haki na hasara mbalimbali, na hakuna mwanamke wa Mvita atakayekubali kuambiwa na karani kwamba ndoa yake "imesitishwa".

Limebaki *kwisha*. "Mkataba umekwisha" laweza kumaanisha kwamba kazi imetimia, au kwamba muda umepita na kazi bado. Kwa kazi tuseme *imekamilika*, na ithibitishwe kwa *hati ya ukamilifu*. Kwa muda tuseme *umepita*. Mkandarasi ambaye muda wake umepita na kazi yake haijakamilika bado ana mkataba, bado ana dhima, na fidia ya kuchelewa inahesabika juu yake mpaka mmoja wa wawili aandike barua ya kukatisha.

Tanzania wametangulia katika njia hii. Baada ya mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, Sheria yao ya Ununuzi wa Umma ya 2023 iliandikwa kwa Kiswahili, na istilahi zao sasa zinajaribiwa mahakamani badala ya kubaki katika orodha. Sisi wa Kenya twaweza kuzichukua nyingi bila haya. Baadhi, kama *matazamio*, twaweza kuzijadili nao.

Mwashi wa Kibokoni hakurudishiwa dhamana yake. Kishikizo chake anakidai bado, na safari hii dai lake limeandikwa kwa lugha mbili.